Mwalimu Winarsih na Zana za Asia Magharibi

Mtu akiwa na kitu kibovu pale Sumberjati hakitupi kabla hajajiuliza kama Mwalimu Winarsih anakitaka, na jibu siku zote ni kwamba anakitaka. Trei za mayai, vyuma vya miavuli, kengele ya baiskeli isiyolia, vyote vilipita mlangoni kwake vikaishia chumba cha nyuma, na baada ya wiki moja au mbili vikatokea shuleni vikiwa na jina jipya. Ungo wa mama yake ulipata kuwa bara la Australia muhula mzima, umepakwa rangi ya kahawia na kijani. Mama mtu alipoutaka apepete mchele, aliambiwa asubiri kwanza mtihani upite.

"Mwanangu," mama alimwambia, "wenzako wanafundisha kwa kitabu. Wewe unafundisha kwa jiko langu."

Winarsih alikuwa na miaka arobaini na minne, somo lake maarifa ya jamii, darasa la tisa. Mume waliachana zamani bila kelele na mtoto hawakujaliwa. Aliishi na huyo mama yake, Hajjat Satinem, ambaye goti la kushoto lilikuwa limeanza kumgomea. Kaka zake wawili walikuwa huko Kalimantan, watu wa kupiga simu Idi kwa Idi, wakauliza mama hajambo, wakakata. Kwa hiyo Winarsih alikuwa na sababu nzito ya kutotaka kuhamishwa, na ndio mwaka huo habari za uhamisho zikamfikia.

Walimu wa maarifa ya jamii walikuwa wamezidi shuleni. Ofisi ya elimu ikaleta barua kwamba mkaguzi angekuja Alhamisi, akae nyuma ya darasa la kila mmoja, na atakayeonekana dhaifu apelekwe shule moja ya mlimani, saa tatu kwa pikipiki ikiwa mvua haijanyesha. Na mwenzake kwenye mizani alikuwa Bagas, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye projekta yake mwenyewe na viatu vilivyong'aa mpaka unajiona. Bagas hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hilo lilimuudhi Winarsih kuliko yote, maana alitaka kumchukia akakosa pa kuanzia.

Mada ya wiki hiyo ilikuwa Asia Magharibi. Winarsih akafungua kabati la shule. Alikuta ramani iliyoliwa na mchwa kuanzia Uajemi hadi Bahari ya Shamu, yaani palepale alipopataka yeye. Alikuta tufe lililobonyea. Kitabu cha kiada kilikuwa na picha ya ngamia iliyochapwa vibaya hivi kwamba kwa miaka mitatu mfululizo wanafunzi walikuwa wakibishana kama ni ngamia au ni mlima. Akaenda ofisini kuchapa picha za mtandaoni, wino ukaisha kabla msikiti wa kwanza haujapata mnara.

Angeweza kufundisha kwa mdomo tu, na mdomo alikuwa nao. Lakini mkaguzi, Pak Suharsono, ziara iliyopita alikuwa amemwandikia kwenye faili maneno ambayo hajayasahau: "Mwalimu analijua somo. Zana ni makapi." Ile ilikuwa siku ya ungo.

Jumapili mchana alikuwa anafuta vumbi kwenye kabati la vioo la sebuleni, na hapo wazo likamjia. Ndani ya kabati zilikaa zawadi za mahujaji: tasbihi, vikombe vidogo vya shaba, chupa ya manukato, na kile kikamera cha plastiki ambacho ukichungulia na kubofya unaona Kaaba, ukibofya tena unaona Arafa. Hakuna nyumba Sumberjati isiyokuwa na kabati la namna hiyo. Asia Magharibi nzima ilikuwa imekaa sebuleni kwa watu inasubiri kuitwa, na yeye alikuwa anahangaika na wino wa ofisi.

Jumatatu akawapa wanafunzi kazi. Kila mmoja alete kitu kimoja kutoka Asia Magharibi kilichoko nyumbani kwao, na aambatanishe kadi yenye mistari mitatu: kitu hiki ni nini, nani alikileta, kimetengenezwa wapi.

Huo mstari wa tatu ndio uliomponza.

Maana kuna jambo ambalo watu wa kule wanalijua wote na halisemwi. Mtu akirudi Hija, wageni humiminika kwake siku saba, na hakuna anayetoka mikono mitupu. Sanduku la hujaji haliruhusiwi kuzidi kilo thelathini na mbili, na wageni ni mia nne. Sasa wewe fikiria. Wiki mbili kabla ya safari familia hukodi gari hadi Surabaya, mtaa wa Ampel, wakanunua tasbihi kwa gunia, na zawadi zikalala chini ya kitanda zikimsubiri mwenyewe aende akarudi. Anayetoa anajua. Anayepokea anajua, kwa sababu mwaka juzi naye alifanya hivyohivyo. Lakini anaipokea kwa mikono miwili, anainusa, anasema, "Harufu yenyewe tu inakwambia imetoka kule." Ndiyo adabu, na ilikuwa imesimama miaka mingi bila mtu kuigusa. Winarsih naye alijua, kwani magunia ya mama yake aliyabeba kwa mkono wake. Lakini mwalimu yule akishapandwa na zana husahau hata anachokijua.

Jumanne meza zikajaa. Watoto wa darasa la tisa, ambao kazi zote nyingine huzifanya kwenye ngazi dakika mbili kabla ya kengele, kazi hii walikuwa wameifanya kwa moyo wote. Tasbihi, imeletwa na babu, imetengenezwa China. Kikamera, kimeletwa na Hajjat fulani, kimetengenezwa China. Manukato, India. Sajada, Uturuki, na hiyo Winarsih aliishukuru kimoyomoyo. Kofia, Gresik, ambako ni saa nne kwa basi. Zabibu kavu za Madina, Marekani.

Kadi ya Nastiti ndiyo ilimaliza kazi. Nastiti alikuwa binti mwembamba wa safu ya mbele, wa wale wanaomkumbusha mwalimu kwamba jana alisahau kutoa kazi ya nyumbani. Aliileta seti ya vikombe aliyopewa bibi yake na Hajjat Murtini, na chini ya sinia alikuta kibandiko, akakibandua kwa maji ya moto, akasoma: anwani ya duka la Ampel, namba ya simu, na tarehe ya siku kumi na moja kabla Hajjat Murtini hajapanda ndege.

"Nikapiga simu, Mwalimu," alisema Nastiti. "Ulitufundisha tuhakikishe chanzo."

Winarsih akaiweka kadi mezani. "Ukapiga."

"Mwenye duka anamkumbuka vizuri. Anauliza Hajjat anaendeleaje na goti, nikamwambia mwenye goti ni mama yako. Amesema mzigo mpya umeingia."

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni. Kabla ya alasiri mahujaji kumi na mmoja walikuwa wamevuliwa nguo hadharani, na kila nyumba watu walikuwa wanageuza vikombe chini juu. Hajjat Murtini alikuja mwenyewe kwa Winarsih, mtandio umekaa upande. Huyu ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti hata msibani.

Hakumtazama Winarsih. Alimwendea mama mtu, aliyekuwa ameketi kibarazani na goti lake juu ya mto. "Dada Satinem, mwanao ameniua."

"Mbona nakusikia unaongea?"

"Nacheka mimi? Mwuza tofu leo kaniuliza kama tofu yake nayo ni ya Makka. Mwuza tofu, dada. Na wewe utanyamaza tu, kana kwamba tasbihi zako zilishuka mbinguni."

"Zangu nilinunua duka hilohilo," Hajjat Satinem alisema kwa utulivu. "Na wewe ulipofika mwaka wako, nani alikupeleka pale? Nani alikupatania bei ya vile vikombe ukaongezewa sinia bure?"

Murtini akaurekebisha mtandio wake. Kisha akageuka kwa Winarsih. "Alhamisi mkaguzi anakuja. Na mimi nitakuwepo, kama mwenyekiti. Nimeshaandika barua. Mwalimu anayewafundisha watoto kuwaumbua mahujaji, akafundishe huko mlimani." Akaondoka, na chai aliyokuwa ameandaliwa ikabaki inatoa mvuke.

Winarsih akajikalia chini kwenye ngazi. Aliona kabisa yale mawingu ya mlimani, na nyumba hii ikiwa na mtu mmoja ndani yake, mwenye goti, anajitahidi kufikia ndoo. Akataka kulia akaona aibu. "Nitaziondoa kadi," alisema. "Nitaweka vitu peke yake. Nitasema vyote vimetoka Arabuni na yaishe."

"Uongo darasani," mama alisema. "Ule wa nyumbani haukutoshi?"

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Unipeleke kwa pikipiki Alhamisi. Na usiendeshe kama juzi."

Alhamisi ikafika. Bagas alianza, na somo lake lilikwenda vizuri mpaka umeme ulipokatika, halafu likasimama hapohapo, naye akabaki ameshika rimoti. Ukweli Winarsih alimwonea huruma, ingawa si kwa muda mrefu.

Chumbani kwake, Pak Suharsono alikuwa amejikunja kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti karibu na kidevu. Pembeni yake Hajjat Murtini, mkoba mapajani, na bahasha ikichungulia kwenye zipu. Pembeni ya Murtini, Hajjat Satinem na fimbo yake. Mbele, Winarsih alikuwa ametandika shuka jeupe ukutani na kuichora ramani ya Asia nzima upya kwa mkono, maana ile ya mchwa ilikuwa aibu. Vitu vilipangwa mezani. Kadi hazikuwepo.

Alifungua mdomo akaanza na hali ya hewa ya jangwa. Alisema vizuri. Mkaguzi hakuandika kitu.

Nastiti akanyoosha mkono. "Mwalimu, kadi zetu ziko wapi?"

"Tutaziona baadaye, Nastiti."

"Lakini bila kadi hatujui kitu kimetoka wapi. Ulisema kitu bila chanzo ni takataka."

Winarsih alimtazama binti yule na kumpenda na kumtamani awe mgonjwa siku hiyo, vyote kwa pamoja. Kule nyuma zipu ya mkoba ikalia. Na kabla Murtini hajatoa bahasha, fimbo iligonga sakafu mara moja, na Hajjat Satinem akainuka.

"Kadi ziko kwenye droo," alisema. "Zitoe, mwanangu. Ile yenye jina langu usome ya kwanza."

Winarsih akazitoa. Akaisoma: tasbihi, imeletwa na Hajjat Satinem, imetengenezwa China.

"Kweli kabisa," mama alisema huku akienda mbele kwa fimbo, goti moja baada ya jingine. "Nilizinunua Ampel kabla sijaondoka. Wanangu, mliambiwa mbebe kitu cha kule. Hebu tufunge uzi tuone. Nani ana uzi?"

Katika darasa la Winarsih uzi haukosekani. Wakaanza. Mtoto mmoja akafunga kutoka tasbihi hadi China, mwingine manukato hadi India, zabibu zikavuka bahari mpaka nje ya shuka na kubandikwa ukutani, kwa kuwa Marekani haikuwa imechorwa. Nyuzi zikazidi. Kila uzi ulianza Sumberjati na hakuna uliotulia Makka ila ule wa maji ya Zamzam.

"Sasa watu," alisema Hajjat Satinem. "Dereva wa basi letu alikuwa Mpakistani, aliimba njia nzima. Waliofagia uani ni Wabangladeshi. Aliyetupikia wali na pilipili ya sambal hotelini ni binti wa kwetu, wa Blitar, mwaka wa saba hajaona kwao, akinipakulia ananipa sahani mbili. Na pale Arafa, jua limenikalia kichwani, mwanamke wa Sudan ambaye hatuelewani hata neno alinishikia mwavuli mchana kutwa. Mkono ukimchoka anabadili mwingine. Fungeni na huyo."

Pak Suharsono alikuwa ameinuka kwenye kile kiti, hakuna aliyeona saa ngapi. Alisimama karibu na ramani na kalamu mkononi. "Samahani, Hajjat. Mchana kutwa ulikuwa unafanya nini juani?"

"Nasoma majina." Akatoa daftari ndani ya kanga yake, lile la wanafunzi la kurasa arobaini, pembe zimejikunja. "Kwetu mtu akienda, kila jirani anamwagiza dua. Mimi niliandikiwa majina mia tatu na kumi na sita, na kila mtu na ombi lake. Nikayasoma yote, Arafa, halafu nikayarudia Makka, ili asije mtu akasema nimemruka. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi dukani sikufika, sikuwa na nafasi. Ndiyo maana tasbihi ni za Ampel. Mlichonituma nilikipeleka, na mlichopokea ni shukrani."

Nastiti alikuwa ameshasogea. "Mwalimu, hiki ni chanzo cha asili kabisa. Tunaweza kukiona? Tunaweza kusoma mtu aliomba nini?"

Hapo ndipo Hajjat Murtini alipoinuka kwa kasi ambayo umri wake haukumruhusu. Maana yeye mwaka ule alikuwa bado hajaenda, na alikuwa ameagiza dua kama wengine wote, na kila mtu mzima pale Sumberjati alikuwa na fununu kwamba aliomba nywele za mke mdogo wa mumewe zinyonyoke. "Daftari hilo lisifunguliwe," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Halifunguliwi," alijibu Hajjat Satinem. "Zana nyingine hutazamwa tu, mwanangu Nastiti. Keti." Kisha akamtazama Murtini kwa upole mwingi mno. "Dada, ulikuwa na barua ya kumpa mkaguzi?"

"Barua gani?" alisema Murtini, na akaufunga mkoba. Hata akachukua uzi, akaenda mezani, akafunga vile vikombe vyake mwenyewe, kutoka sinia hadi Surabaya, mafundo mawili.

Kengele ilipolia wanafunzi hawakutaka kutoka, jambo ambalo Winarsih hakuwahi kuliona katika miaka kumi na tisa ya kazi. Walitolewa. Pak Suharsono akaketi juu ya meza na kulifungua faili. Winarsih alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama siku zake za chuo.

"Mlimani huendi," alisema mkaguzi. Winarsih akavuta pumzi ya kwanza tangu Jumanne. "Na hapa hubaki. Mjini Madiun wanafungua kituo cha walimu. Wanataka mtu wa kuwafundisha wenzake namna ya kupata zana. Watu wa wilaya nzima. Niliandika makapi mwaka ule, na leo nimeona mtu anafundisha bara zima kwa shuka na uzi. Jina lako nalipeleka leo, ukikubali."

Madiun. Winarsih aliwahi kuitwa Madiun miaka sita nyuma, kuongoza idara katika shule kubwa, na akaandika barua ya kukataa. Nyumbani alisema hakuchaguliwa. Mama alimkaangia ndizi siku hiyo kumfariji, naye akazila zote, kila kipande kikimkwama. Na sasa maneno yaleyale yalikuwa tayari ulimini, yamelainika kwa kukaa: nashukuru sana, lakini mama yangu ni mtu mzima, goti lake.

"Nashukuru sana, Pak," alianza. "Lakini mama yangu."

"Ngoja," alisema Hajjat Satinem. Alilamba kidole, akafungua lile daftari ukurasa wa kwanza kabisa, akamsogezea. "Wako unaruhusiwa kuusoma."

Mwandiko ulikuwa wa mama mwenyewe, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Namba moja. *Winarsih. Hajaniagiza kitu. Namwombea mimi. Ya Rabi, Madiun wakimwita tena, umfunge mdomo asije akasema mama mgonjwa. Goti nitajua mwenyewe.*

Winarsih aliusoma. Akaurudia. "Ulijua," alisema.

"Ulichana barua mbili kabla ya kuipata ya tatu. Kapu la taka la nyumba yetu analimwaga nani?"

Pak Suharsono alikuwa ameinamia faili kwa adabu, akijifanya kutafuta ukurasa. "Basi, Mwalimu," alisema. "Nijaze nini hapa?"

Winarsih akafungua mdomo. Machozi yakawa yameshamfikia kidevuni, na koo likagoma kutoa hata neno moja. Alijaribu tena, hakikutoka kitu.

Mama yake alimtazama, kisha akamgeukia mkaguzi. "Umeona mwenyewe," alisema. "Dua imekubaliwa. Andika Madiun."